Mgeni wa Mimea Inayokula Nzi

Mimi ni mtu wa kanisa, hapa Kilungu wananijua, na sina faida yoyote nikikudanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana kweupe, na sikuwa na homa.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa bayolojia. Wenzake wakistaafu wanafuga kuku. Yeye alileta mimea inayokula nzi. Haki ya nani! Majani yake yamejikunja kama vikombe virefu, mekundu, ya manjano, mengine yana mishipa ya zambarau, na ndani mna maji. Nzi akiingia, hatoki. Aliipanda uani kwenye mabeseni na madebe ya rangi. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mimi pia nilicheka, lakini kila jioni tulikaa hapo wawili tukiangalia ni nani ameliwa leo.

Akafariki. Nikabaki na mimea yake.

Sasa niambie, mkulima wa huku akipenda mmea anaufanyia nini? Anaupa mbolea. Nikaipa ya mbuzi, ile iliyokauka vizuri. Tangi la maji ya mvua lilipokauka kiangazi, nikabeba maji ya kisima, haya yetu yenye chumvi, mtungi baada ya mtungi. Kadiri nilivyoitunza ndivyo ilivyokauka. Jamani, niliilia ile mimea kuliko nilivyolia matangani. Niliona kama namzika mara ya pili, na mara hii ni mimi ninayemuua.

Siku hiyo nilikuwa nimeinama namwagilia, nikasikia, "Hodi hapa." Mwanamume mwenye kofia, mtungi mkononi. Nikadhani ni fundi wa kwa jirani. Shati lake lilikuwa limelowa chapachapa, na mvua hatukuwa tumeiona miezi minne. Unanisikia?

"Sajini, wacha hayo maji, yana chumvi," akasema. "Na hiyo mbolea inaichoma mimea. Hii imezoea udongo usio na rutuba, ndiyo maana inakula nzi."

Alisema kwa upole hata sikumuuliza anatoka wapi. Aling'oa mmea mmoja baada ya mwingine, akaosha mizizi kwa maji ya mtungi wake, akaipanda upya kwenye mchanga safi wa mtoni, ule uliokuwa umebaki uani tangu tujenge.

Kwetu mgeni haondoki na mdomo mkavu. Nikaenda jikoni kupika chai. Nilikuwa napuliza moto ndipo nikashtuka. Sajini! Mume wangu ndiye aliyeniita hivyo, tukiwa wawili tu, kwa sababu napenda kuamrisha. Hata watoto hawalijui hilo jina. Aiya! Nikatoka mbio. Uani hakukuwa na mtu. Nyayo za maji zilizunguka mabeseni, hazikuelekea getini.

Mimea ilipona yote. Nilimweleza mchungaji, akasema tuombe, tukaomba. Lakini hadi leo kuna kitu kinaniuma. Alikaa pale karibu nusu saa, na mimi sikumtazama usoni sawasawa hata mara moja. Nilikuwa nawaza kama sukari iko.

Kwa hivyo nakuonya. Ukijiwa na mgeni aliyelowa wakati hakuna mvua, usikemee, usikimbie. Na chai, tafadhali, achana nayo. Keti umwangalie.