Kiazi Kimoja Tu

Mimi ni mtu wa kubisha, na sioni aibu. Nanunua viazi mashambani huku milimani, nauza Mombo, na kazi hiyo haimlishi anayeamini haraka. Mkulima akiniambia gunia lote ni viazi vikubwa, nalimwaga. Akiniambia ameshahesabu, nahesabu tena mbele yake, na akinuna nahesabu mara ya tatu.

Kwa hiyo dada mmoja anayelima upande wa Vuga alipotuma video kwenye kundi letu la wakulima la WhatsApp, wa kwanza kuweka kikatuni cha kucheka nilikuwa mimi. Nakiri mapema ili mtu asije akanifukulia.

Alisema mbegu ya viazi iliyoletwa msimu huu ina mnyauko. Alipanda mstari mmoja wa majaribio, mashina yakalala chini yakiwa bado mabichi. Kwenye video alikata shina, akalisimamisha kwenye glasi ya maji safi, na uzi mweupe ukaanza kushuka kama maziwa yanayovuja. Akaandika: “Ndugu zangu, msipande. Ugonjwa huu ukiingia ardhini hautoki leo wala kesho, na maji ya mfereji yanaubeba.”

Shamba lake ndilo la mwisho, chini kabisa, kwenye mfereji wa kumwagilia. Walio juu wakipanda ugonjwa, zamu yake ya maji inamletea ugonjwa mpaka mlangoni.

Nikauliza: mashina mangapi? Mangapi yamelala? Maji ulichota wapi? Akajibu yote: ishirini na manne, kumi na tisa, maji ya mvua. Majibu yalikuwa safi. Wenzangu ndio kwanza walipamba moto.

“Hayo maziwa ya ng’ombe wako.”

“Dada ana mbegu zake anataka kutuuzia.”

“Daktari wa viazi! Tutakuletea na vitunguu uvipime!”

Halafu admini, mwalimu mstaafu, mwenye shamba juu ya la huyo dada kwenye mfereji uleule, akaandika: “Nimelima viazi kabla hujazaliwa. Sisi ni watu wa kuhoji, hatumezi kila kitu. Mada imefungwa.”

Watu wa kuhoji! Katika ujumbe wote huo tafuteni alama ya kuuliza. Mimi nilitafuta mara mbili.

Asubuhi nikapanda hadi kwa dada na glasi yangu na maji yangu ya chupa. Nilichagua mwenyewe mashina mawili yaliyonyauka na mawili mazima ya mbegu yake ya zamani.

“Umekuja kucheka tena, kaka?” aliniuliza.

“Nimekuja kupima.”

“Haya, pima. Glasi usije ukasema nimeiloga.”

Mawili yakatoa uzi mweupe. Mawili hayakutoa kitu. Nikabadilisha maji, nikarudia, ikawa vilevile. Yote nilirekodi kwa simu, nikarusha video zote kundini. Jibu la kwanza lilinifikia kabla hata video hazijamaliza kufunguka: “Amekupa nini huyo?” Saa moja baadaye dada alikuwa ameondolewa kundini.

Nikaenda kwa mwalimu. Magunia ya mbegu ile mpya yalikuwa barazani, tayari kwa kupandwa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Najua kilichokuleta.”

“Naomba kiazi kimoja. Nakikata, nakikamua nione kama kinatoa ule weupe. Kikiwa kisafi, naomba radhi kundini, na dada namwambia mwenyewe kwamba amekosea.”

“Sikati mbegu yangu kumfurahisha mtu wa simu.”

“Mwalimu, yapo magunia sita.”

“Hata yangekuwa sitini. Kijana, mimi siamini mambo ya mitandaoni.”

“Ndiyo maana nimekuja kwa miguu.”

Hakucheka. Alinyanyuka, akasimama kati yangu na magunia yake kama vile nimekuja kuiba. Nilitaka kutumbukiza mkono niokote kimoja. Kwetu hufanyi hivyo kwa mtu uliyemwamkia, naye alijua. Nikaaga kwa adabu zote.

Hasira yangu ni hii, na haijapoa. Nimebisha maisha yangu yote, lakini nabisha na mkono umeshaingia guniani. Anayebisha hivyo anaweza kushindwa, na mimi nimeshindwa mara nyingi, mbele ya watu. Mwalimu alikuwa na kisu jikoni, alikuwa na viazi, alikuwa na muda. Alichokosa ni nia ya kujua. Na wale wa kundini, waliolima miaka yote hii, hakuna hata mmoja aliyetafuta glasi. Kidole cha kuandikia kwenye simu kilitosha.

Mwalimu alipanda Jumatatu. Jumatano nilimkuta dada akiziba kwa mawe na udongo mdomo wa mfereji unaoingia shambani kwake.

“Kesho si zamu yako ya maji?”

“Ndiyo zamu yangu.”

“Na viazi vyako?”

“Vitasubiri mvua. Zisiponyesha, vitakufa kwa kiu. Ardhi itabaki.”

Akapachika jiwe jingine. Nikavua viatu nikaingia kwenye tope, nikaanza kumpasia mawe. Hakuniambia asante. Hakuniambia niondoke pia.