Kimbunga cha Papa Akpojotor

Siku hizi katika klabu yetu ya kuunda maneno kwa vigae, hapa Warri, Nigeria, mtu anaweka neno mezani bila kujua kama ni mnyama au ugonjwa, anaandikiwa pointi zake, anaendelea kutafuna karanga. Zamani Papa Akpojotor asingekubali.

Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini kwa miaka thelathini na minane. Shule aliiachia darasa la sita, kama mimi. Yale maneno ya Kiingereza ya herufi mbili, ambayo Waingereza wengi hawayajui, aliyaokota melini. Mpishi wa Kinepali alimweleza kuwa ZO ni chotara wa ng'ombe wa kawaida na ng'ombe wa milimani, mwenye manyoya hadi kwatoni. OE alipewa na baharia wa visiwa vya Faroe, ambaye alilia akisimulia. Kwao ni upepo wa kuzunguka unaoshuka baharini ghafla. Ulimchukua kaka yake, mtu na mashua, yeye akitazama kutoka ufukweni.

Papa alipoanzisha klabu ya vigae vya herufi nyuma ya duka la fundi cherehani, alituwekea sharti moja. Ukiweka neno fupi, mpinzani ana haki ya kukuuliza, "Lina nini ndani?" Ukikosa jibu, unaokota vigae vyako na zamu imekupita. Wengine hawaruhusiwi kukusaidia. Kwa sharti hilo tuliijua dunia, sisi tusiokuwa na nauli ya kufika hata Lagos.

Kisha zikaja simu. Vijana wakakariri orodha za maneno bila maana zake, wakalalamika kwamba mashindano ya nje hayaulizi maana, kwa hiyo sharti lifutwe. Papa, akiwa na miaka themanini na moja, akasema atalichezea. Akishinda libaki, akishindwa life. Wakamteua acheze naye Ufuoma, katibu wa klabu, ambaye Papa mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa. Tejiri, fundi wa magari, alimwambia, "Papa, leo tunakuzika na kamusi yako."

"Nizikeni. Ila kaburini mtaandika nini, ninyi msiojua maana ya mnachoandika?"

Watu walicheka, hata Tejiri.

Papa aliongoza karibu mchezo mzima. Mwishoni alikuwa mbele kwa pointi tisa, amebakiwa na O na E. Akaviweka mezani. Mchezo ulikuwa umekwisha, sharti limepona.

Ufuoma akatabasamu. Hakuwa na haja ya kuuliza. Baadaye aliniambia alitaka tu kusikia tena kisa cha yule baharia, kama Papa alivyokuwa akikisimulia zamani.

"Papa, lina nini ndani?"

Papa alifungua kinywa. Akakifunga. Akavipapasa vile vigae kwa kidole gumba kama kipofu anayetafuta sura ya mtu. Mimi nilikuwa kiwikoni pake na jibu lote ulimini. Kwanza nilidhani anatania. Nilipoyaona macho yake, nilijua hatanii, na bado nikanyamaza, maana sharti ni sharti.

"Acha palepale, Papa," Ufuoma akasema polepole. "Neno ni halali, simu inalikubali. Umeshinda."

"Simu haichezi na wewe. Unacheza na mimi."

Akaokota O. Akaokota E.

"Weka vyako, binti yangu."

Ufuoma akaweka vigae vyake vya mwisho huku akilia, pointi zake zikampita Papa. Jioni hiyohiyo sharti likafutwa kwa kunyoosha mikono. Wangu sikuunyoosha, wala hakuna aliyegundua.

Papa hakurudi tena klabuni. Kila Jumamosi mimi humpelekea supu ya mawese, nikamsimulia habari za upepo ule na mashua ile. Husikiliza kwa makini, kijiko kikiwa hewani, kama mtu anayepewa habari za nchi asiyoijua.

Wiki iliyopita aliniuliza, "Na huyo baharia, je, alipanda chombo tena?"

Sehemu hiyo hakuwahi kunisimulia.