Pikipiki ya Mwalimu na Korongo la Mchanga

Wanangu walinikataza. Mkubwa wao aliniambia, "Baba, panda basi kama wazee wenzako." Nikamjibu wazee wenzangu wana mambo yao. Pikipiki yangu ni ndogo, ya bei ya chini, vijana wa kijiweni wanaiita panzi. Waite. Nimeinunua kwa jasho langu, kama mashine yangu ya kusaga, na sijawahi kumwomba mtu lifti. Mjukuu wangu anasoma chuoni Chimwaga, nilimwahidi karanga za msimu huu. Nikafunga gunia kwenye karia, nikatoka Kondoa asubuhi kuteremka Dodoma.

Sikufichi, rafiki yangu, niliogopa. Lori likikupita kwenye lami ile, upepo wake unakuvuta kwanza, halafu unakusukuma. Kila nikiliona kwenye kioo nabana magoti na kusoma dua ninazozijua, nazo ni chache. Kabla ya Chemba nikafika kwenye daraja moja, nikasimama. Lori halikuwepo. Nilisimama kwa sababu nililitambua korongo lililo chini yake.

Zamani hapakuwa na daraja hapo. Palikuwa na mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira, na barabara ya vumbi ilikatiza katikati yake.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na shule ya kijijini kwetu iliishia hapo. Mwalimu wetu alihangaika hadi akanipatia nafasi ya darasa la tano, shule ya bweni huko Dodoma. Nafasi ilikuwa moja, na siku ya kuripoti ikipita anapewa mwingine. Mwalimu alikuwa na kipikipiki kinacholia tu-tu-tu kama kuku anayetafuta pa kutagia, kinanuka petroli iliyochanganywa na oili. Bibi aliyenilea aliamka alfajiri, akachemsha karanga, akazifunga kwenye kitambaa pamoja na ugali wa uwele. Kisha akakizunguka kile kipikipiki kama anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"Mwalimu, kadudu haka katafika?"

"Katafika, bibi. Kanakula kidogo kuliko mjukuu wako."

Bibi hakucheka. Aliugusa usukani wake, akasema bismillahi, akarudi ndani bila kugeuka.

Mfuko wa nguo ulining'inia kwenye usukani, kitambaa cha chakula kikiwa juu yake. Mimi nilikaa juu ya gunia la karanga la mwalimu, nimelishika koti lake kwa mikono miwili. Hatujaenda mbali, ekzosi ikaniunguza mguu. Mbele kidogo tukateleza, tukaanguka. Mwalimu akapangusa suruali, akacheka, akasema barabara imetusalimia. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilipopanda tena nililishika koti lake kwa nguvu zaidi.

Tulipofika korongoni akaniteremsha. Kila mwenye pikipiki wa wakati ule alijua kazi ya mchanga: abiria anasukuma kutoka nyuma, injini ikikolea anakimbia na kurukia juu, kwa sababu dereva akisimama tu, tairi linazama.

"Nikisema ruka, uruke," akaniambia. "Mimi sitasimama."

Nikasukuma. Mchanga ulinifika kwenye vifundo. Kipikipiki kikapiga kelele, kikayumba kushoto, kikayumba kulia, kikaanza kukimbia.

"Ruka! Ruka, mwanangu!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye karia. Nikauachia.

Gunia lilikuwa zito kuliko mimi, na mwalimu alikuwa anapigana na usukani. Hakujua kuwa sijapanda. Akapanda ukingo wa pili, akapotea na moshi wake. Nikabaki katikati ya mchanga, nasikia mlio wake ukififia.

Haukupita muda, nikasikia tu-tu-tu inarudi. Ningeweza kusimama pale pale. Nilikimbilia kwenye kichaka cha miiba, nikalala chini.

Mwalimu alivuka ule mchanga peke yake, akisukuma mwenyewe, viatu vimejaa mchanga. Aliita jina langu. Akaita tena. Alitazama nyayo zangu zinakoelekea, kisha akatazama kichaka, muda mrefu. Halafu akalitazama jua. Akashusha mfuko wangu na kile kitambaa cha bibi, akaviweka juu ya jiwe, akasema kwa sauti ya kawaida, kama yuko darasani:

"Mimi naenda kuwaomba wakusubiri. Wewe rudi nyumbani. Fuata alama ya tairi langu, usikate porini. Ukiona imefutika, simama, itafute."

Nilifanya hivyo. Mstari mmoja mwembamba kwenye vumbi, wenye vidoa kama mgongo wa nyoka. Basi lilipita mara moja likaufuta, nikalia, nikautafuta, nikauona. Nilifika jua likizama.

"Mwalimu kaniacha korongoni," nikamwambia bibi.

Mwalimu aliporudi, siku ya tatu, nafasi ilishakwenda. Bibi alimkuta uani kwetu akamshukia. "Mtoto wa watu unamwangusha kama gunia bovu! Na hukugeuka hata kutazama!" Mimi nilikuwa mlangoni. Mwalimu alinitazama, mara moja tu.

"Nisamehe, bibi," akasema. "Nilikosea."

Mwaka uliofuata alihamishwa. Sikumwona tena. Bibi alikufa akiwa bado anamlaumu, na mimi nilimwacha amlaumu. Nimejenga nyumba, nimesomesha watoto sita, sijamwogopa mtu. Lakini jambo hili sikuwahi kulisema.

Nilifika Chimwaga salama. Mjukuu wangu akanipokea gunia. "Shikamoo babu! Umekuja na hako kapanzi kako kutoka kote huko? Hukuogopa?"

Siku nyingine ningemwambia babu yako haogopi. "Marahaba," nikasema. "Niliogopa sana. Kaa hapa nikueleze." Nikamweleza yote, hadi kichaka.

Wakati wa kurudi nilisimama tena pale darajani. Chini, mchanga umebaki kidogo, malori yanauchota kwa ujenzi. Juu ni lami, nyeusi, safi, unavuka kabla hujamaliza kupumua. Nikageuka kutazama nilikotoka. Panzi wangu hakuwa ameacha alama yoyote. Lami haishiki alama ya tairi la mtu. Leo mtoto akiachia mkono hapo, sijui atafuata nini kurudi kwao.