Kanga Iliyorudi na Mkaa

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta Kilburn, London, ghorofani kwenye basi, nikiwa nimekaa kiti cha mbele kabisa, kile ambacho mtu mzima hukikalia huku akijifanya hakukichagua. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Mkewe, ambaye mimi humwita shemeji, alinipigia simu akasema tu, "Shemeji, ametutoka." Basi likaenda. Maduka ya simu yakapita, ya nywele yakapita, ya ndizi mbichi na mihogo yakapita, na mimi nikiyatazama kama niliye ndotoni. Nilishuka mwisho wa njia, mahali nisipopajua, nikasimama pale muda mrefu bila kushika simu wala kuangalia saa. Marehemu ndiye angejua kusimama vile vizuri. Baadaye nilivuka barabara nikangoja basi la kurudi.

Jina lake sitalitaja. Ila kama umewahi kuja kwenye michezo yetu ya kuigiza, kwenye ule ukumbi wa kanisa wenye viti vya plastiki, ulimwona, hata kama humkumbuki. Ndiye aliyekuwa mlinzi, au jirani, au maiti. Mtu wa Njombe, nyanda za baridi, umri umevuka hamsini, mpole, mwenye kicheko cha puani. Siku za kazi alikuwa huko huko Edmonton alikoishi, akihudumia wazee majumbani mwao, kazi ambayo wengi wetu tunaiita kea: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapa kifungua kinywa. Jumamosi alikuwa mwigizaji, na tatizo lake jukwaani lilikuwa mikono. Haikutulia hata kidogo. Akilazwa awe maiti, vidole vinacheza. Mwongozaji wetu, dada wa Kikenya asiyejua kuremba maneno, alimwambia mbele ya watu wote, "Wewe ndio maiti ya kwanza nimeona ikitafuta remote." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Naye alicheka, lakini nilimwona akiigeuza mikono yake na kuitazama.

Wiki chache baadaye aliniambia kwamba amepata mahali pa kujifunzia kutulia. Aliona tangazo maktaba: darasa la uchoraji huko Harrow, la watu wazima, linatafuta mtu wa kuchorwa. "Kazi yenyewe kusimama tu," alisema. Nikamwuliza kusimama vipi. "Kusimama, kaka. Bila nguo." Nilimtazama usoni nikitafuta utani, sikuuona. Aliniomba mambo mawili: nijue kwamba kila Jumatano mchana yuko kule, ikiwa lolote litatokea, na nisimwambie mtu yeyote, kwa sababu mkewe atamweleza mwenyewe siku akipata maneno. Nikaapa, na nilipoapa nilimaanisha. Harrow aliichagua makusudi, iko mbali na Edmonton walikomfahamu kazini, na mbali na Kilburn kwetu sisi. Huko, alisema, hakuna mtu wetu.

Kwa siku ya kwanza wenye darasa walimwagiza aje na vazi la kujifunika wakati wa mapumziko. Hakuwa nalo. Akachomoa kanga ya mkewe kabatini, ile yenye pindo la zambarau, akaikunja ndani ya begi la kazi pamoja na glavu zake. Alivua nguo nyuma ya pazia, akapanda kwenye jukwaa dogo lililotandikwa blanketi, akakaza macho kwenye doa moja ukutani. Dakika za mwanzo mwili mzima ulimwasha. Kisha akasikia mkaa ukikwaruza karatasi, watu zaidi ya kumi kwa pamoja, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili, na polepole ukuta ukafunguka. Akatoka kupitia lile doa. Akawa anatembea kutoka shule kurudi kwao, kwenye ukungu, kando ya mashamba ya chai ambayo hakuwa ameyafikiria kwa miaka, akavuka kijito kwa kukanyaga mawe yale yale, akasikia mama yake akikohoa kwa moshi wa jikoni. Aliponisimulia haya tulikuwa tumekaa mkahawani, na macho yake yalikuwa bado hayajarudi. Chai yake ilipoa mezani.

Alikuwa amefika mlangoni kwao, karibu apige hodi, aliposikia sauti ikimwuliza kwa Kiswahili, "Kijana, unasikia baridi?" Akadhani ni mama. Akataka kuitika. Kisha ukuta ukarudi mahali pake, na mbele yake akamwona bibi mmoja wa Kihindi, sweta juu ya sari, kipande cha mkaa mkononi, akimtazama kwa wasiwasi wa mzazi. Bibi huyo alizaliwa Mwanza na kukulia Mwanza, na Harrow ameishi miaka karibu sawa na umri wa mwenzetu. Rafiki yangu alikuwa amesahau jambo ambalo sote hulisahau, kwamba Harrow imejaa watu wa Afrika Mashariki wenye asili ya Kihindi. Sisi tunapohesabu watu wetu London, wale huwa hatuwahesabu. "Kwa Kiingereza nilikuwa bado nimevaa," aliniambia. "Yule mama alipofungua mdomo, ndiyo nguo zikaanguka." Bibi akainuka, akaiokota kanga kitini, akamfunika mabegani na kuibana vizuri shingoni kama mtoto aliyetoka kuoga, kisha akawaamuru wenzake walete hita. Kanga ilirudi Edmonton ikiwa na alama za vidole vyeusi.

Mimi nilichukua kichekesho, yeye alichukua swali la bibi. Kulikuwa na mzee mmoja Edmonton, dereva wa treni wa zamani, ambaye kiharusi kilimnyamazisha. "Nilikuwa namvua nguo huku napiga soga na wewe kwenye simu," aliniambia. "Unakumbuka?" Nilikumbuka sana, nilikuwa nasikia maji yakimwagika nyuma ya stori zetu za mpira. Baada ya Harrow akaacha simu kwenye koti. Akawa anapasha taulo kwenye bomba la joto, anafunua mkono mmoja, anaufunika, ndipo anafunua mwingine, na kila mara anamwuliza mzee kama anasikia baridi, ingawa mzee hawezi kujibu. Aliniambia kwamba asubuhi moja mzee alifumba macho wakati anaogeshwa, uso umelegea, na yeye akajua kabisa kwamba mzee yuko safarini, kama yeye alivyokuwa kule Harrow. Akaongeza maji ya moto kwenye beseni asimwamshe.

Huwa nayawaza haya ninapokutana na watu wetu asubuhi kwenye treni za Edmonton, na yunifomu zao chini ya makoti. Wapo walimu humo, wapo wahasibu, yupo hata mchungaji ninayemfahamu. Mji huu umewapa kazi ya kuona miili ya watu wengine, na wanaiona mingi, na kwa haraka, kwa sababu kuna nyumba nyingine inangoja. Wakipiga simu nyumbani husema wako sekta ya afya, na mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Siwalaumu. Nasema tu kwamba mmoja wao aliamua kupanda upande wa pili wa jicho, upande wa anayetazamwa, ili ajue pakoje, na sijasikia mwingine aliyefanya hivyo.

Sasa nifike ninapoona aibu. Mchezo uliofuata alikuwa mlinzi tena, na safari hii alisimama pembeni ya mlango saa nzima bila neno, bila kidole kucheza. Ungeapa kwamba nyuma ya mlango ule kuna nyumba kweli, ina watu, na wamelala. Mimi ndiye niliyekuwa mhusika mkuu, na maneno kurasa kwa kurasa. Mchezo ulipoisha watazamaji walinipita. "Yule mlinzi yuko wapi?" Niliona wivu, sina neno zuri zaidi la kuuita. Wakati wa chai wenzangu waliuliza amejifunza wapi kutulia vile, naye yuko jikoni anasuuza vikombe, na mimi nikawaambia. Niliwaambia na kuwaonyesha, kwa mikao, kwa sauti ya bibi, mpaka watu wakalia kwa kucheka. Nilikuwa sijawahi kuigiza vizuri hivyo. Nilipogeuka nilimkuta amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Hakuna kikombe kilichogongana na kingine. Aliliweka sinia mezani, akachukua koti lake, akaondoka, na kwenye kikundi hakurudi tena. Jumapili akina mama wa kanisani walikuwa wamekwisha kumwuliza shemeji kama ni kweli.

Hatukugombana. Hakuwa mtu wa magomvi. Akapokea simu zangu kwa adabu, akazikata kwa adabu, hata nikaacha kupiga. Kisha nikasikia anaumwa, na ugonjwa wenyewe ni ule wa kushusha sauti ukiutaja. Nilikwenda hospitali nikiwa na zabibu na hotuba ya kuomba radhi. Mhudumu alikuwa ameleta beseni na taulo, akaitwa kwingine, akasema anarudi. Nikainuka nitoke. "Kaa," rafiki yangu akasema. "Nisaidie mgongo." Nikakamua taulo, nikashika ncha ya shati lake la hospitali, na hotuba yangu yote ikayeyuka. Nikajikuta nauliza, "Unasikia baridi?" Akacheka kile kicheko cha puani, kidogo, kwa sababu pumzi haikumtosha. "Mtu wa Njombe nisikie baridi?" Akageuka akanipa mgongo. Nilimwosha nikilia, taulo likiruka ruka. "Mikono yako, kaka," akasema, bila kugeuka. "Haitulii."

Nilipotaka kuandika haya nilikwenda kwanza Edmonton kumwomba shemeji ruhusa. Nilimkuta anakunja nguo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakunja shati, akakunja jingine. "Mimi nilijua kabla yao wote," akasema. "Kanga yangu ilirudi na vidole vya mkaa, na begini mwake nikakuta karatasi ya darasa la uchoraji. Nikaifua, nikairudisha kabatini. Kila Jumanne usiku nikawa naiweka juu ya nguo nyingine, aipate upesi. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe, shemeji. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyocheka." Nikamwuliza kama alikuja kumwambia baadaye. Akatikisa kichwa. "Angeniambia nini, na kanisa zima lilikuwa limekwisha kuniambia? Jumanne iliyofuata niliiweka pale pale. Akaichukua. Akaendelea mpaka alipougua, na hatukuwahi kulizungumza." Miaka yote nilidhani nilimvunjia mtu siri. Siri haikuwepo. Nilichovunja ni jioni moja jikoni kwao, mume akianza kueleza kwa kujikwaa na mke akijifanya hajui, jioni ambayo wote wawili walikuwa wakiisogelea taratibu, na haikufika.

Akaniruhusu niandike, ila jina niliache. Nami nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba mtu akikufunulia kitu chake ameshasimama mbele yako kwenye baridi, na kazi yako ni kumwuliza hali, kumtazama kwa upole na kumwachia vazi lake karibu. Nilipoaga, shemeji alivuta droo akanionyesha kanga yenye pindo la zambarau. Kwenye pindo kulikuwa na alama tatu za vidole, nyeusi. "Mara ya mwisho sikuifua," akasema. Nikanyoosha mkono. Kisha nikaurudisha, nikamwuliza kama naweza kuigusa.