Kibandiko cha Jeneza Chatua Kwenye Keki ya Harusi

Asubuhi bado mbichi, lakini Bi Vibandiko ameshavaa miwani na mkasi uko mkononi. Printa yake kuukuu inakoroma na kutema karatasi iliyojaa vijimraba vya msimbo wa QR, vyeusi na vyeupe. Anakata kimoja, anakielekezea kamera ya simu, anasoma maelezo yanayofunguka, kisha anayarudia kwa sauti.

"Usinicheke," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Kibandiko chake kwenye chupa ya dawa ya mifugo hueleza kipimo. Kwenye kiti cha kukodi humtaja mwenyewe. Anakiuza kwa bei ya pipi mbili, na kwa pipi hizo analipa pango na kumsomesha bintiye.

"Zamani nilikuwa nachapa barua za watu za kuomba kazi," anasema. "Simu zikaja, wakaanza kujiandikia. Wao wakapata kazi, yangu ikaisha."

Nyoka mwenyewe alimuuma Jumamosi moja. Wateja wawili walikuwa wameagiza kwa wakati mmoja: wifi yake, mwoka keki, na fundi seremala anayetengeneza majeneza. Bi Vibandiko akachanganya bahasha.

Ukumbini, wageni wakaona kibandiko kwenye sinia la keki, wakatoa simu. Keki ikajieleza: "Mbao ngumu, haziliwi na mchwa. Ndani kuna mto laini. Tangu tuanze, hakuna mteja aliyerudi kulalamika."

Bibi harusi akaangua kilio. Mama mkwe akasema huo ni uchawi wa wazi. Mwoka keki akapiga simu: "Wifi, umenimaliza! Hakuna anayetaka hata kuonja!"

Kule karakana, bwana mmoja aliyekuwa akimchagulia marehemu mjomba wake jeneza alisoma: "Hifadhi mahali pa baridi. Tumia ndani ya siku tatu. Watoto huipenda sana."

"Fundi," akauliza kwa upole, "baada ya siku tatu kunatokea nini?"

Bi Vibandiko alikimbia hadi ukumbini, viatu mkononi, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. "Jamani, kosa ni langu. Keki ni keki!" Akakata kipande, akala mbele ya watu.

"Walikuwa wananitazama kama wanangoja nianguke," anakumbuka.

Ndipo babu wa bibi harusi akainuka, fimbo mkononi. "Kwa umri wangu, hata ikiniua itakuwa imenikuta njiani. Nileteeni!"

Bibi harusi akacheka na machozi yake yaleyale. Keki ikaliwa mpaka makombo. Fundi seremala alinuna wiki nzima, hadi babu alipobisha hodi karakana kuulizia zile mbao zisizoliwa na mchwa.

Sasa Bi Vibandiko anajiandaa kutengeneza vibandiko vinavyofungua sauti, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Oda ya kwanza ni ya babu huyo huyo, kwa ajili ya jeneza lake. Anataka kuwashukuru watakaomzika, na kuwataja kwa majina wote ambao hawakwenda kumwona alipolazwa.

"Kilichobaki ni kupata kinasa sauti kizuri," anasema, akichungulia barabarani. "Babu akipita hapa namwombea uzima. Lakini akikohoa tu, moyo wangu unakwenda mbio: bado hajarekodi!"