Gemu za Maandishi na Wajaribu Wangu wa Kenton

Rafiki yangu, nakwambia haya kama ninavyomwambia dada yangu wa tumbo moja, bila kupamba. Sijafika hamsini lakini macho yamechoka, na mimi nimechoka nayo. Kazi niliyoifanya hapa Landani tuliifanya wachache, na vijana wananiuliza ilikuwaje.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi juu ya duka la mazulia, nikakaribishwa na harufu ya sigara na nyaya moto. Nilikuwa nimekuja nchi hii msichana, kutoka Mombasa, wakati sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tunaingia kwa wingi. Nikaolewa Kenton, mtaa wa hapa Landani, nikasoma taipu darasa la jioni huku mama mkwe akinilazia watoto. Elimu yangu ndiyo hiyo. Kampuni ilikuwa ndogo, inatengeneza gemu za kompyuta, na mimi niliandikwa kupiga taipu vitabu vya maelezo.

Gemu za wakati ule hazikuwa na picha. Skrini inakuandikia: uko mbele ya nyumba ya mawe, mlango umefungwa. Wewe unaandika unachotaka kufanya, chukua taa, nenda kaskazini. Mashine ikilijua neno lako inatii. Isipolijua inakwambia haielewi, basi.

Baada ya muda Mkuu wa Majaribio, Mwingereza mnene mwenye sweta moja mwaka mzima, akaniita. "Wewe una subira. Njoo ukae na wajaribu." Wajaribu ni watu wanaopewa gemu waicheze kabla haijauzwa, watuonyeshe palipoharibika. Kosa ndani ya programu tuliliita mdudu. Wajaribu wetu walikuwa wanafunzi wa chuo, wepesi kama moto. Wanamaliza gemu, wanatuandikia kwamba herufi fulani imekosewa. Tunashukuru, tunauza gemu ikiwa kwenye kaseti, ndivyo ilivyokuwa enzi hizo, na kaseti zinarudi. Wateja wanasema wamekwama.

Ikarudi moja, ikarudi ya pili. Mkurugenzi akatuita sote wawili. Alikuwa hapandishi sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Wanaorudisha ni watu wa nyumbani, wasiojua kompyuta. Nitafutieni watu wa nyumbani. Na hii mpya ikirudi, nafunga chumba chenu cha majaribio."

Wakati huo mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye ghala la Hayes, magharibi ya Landani. Mshahara wangu ndio uliokuwa unatulisha. Nilisali adhuhuri kwenye stoo ya karatasi, nikamwomba Mungu aniachie chumba kile.

Nikaleta kina mama wa Kenton, wanaojua Kiingereza cha shule za kwetu. Nikawawekea chai ya maziwa na chevda, ule mchanganyiko wetu wa dengu na karanga za kukaanga. Wakacheza ile mpya, ya kutafuta hazina kwenye nyumba ya mawe. Nikauliza, "Mmeionaje?"

"Nzuri, mashallah."

"Hakuna kilichowasumbua?"

"Hakuna, mwanangu. Mmejitahidi."

Mkuu wa Majaribio akasoma ripoti yangu. "Nzuri, nzuri, nzuri. Hii ni ripoti au kadi ya harusi?"

Nilipanda basi kurudi nyumbani nikiwa sina nguvu hata ya kukasirika. Njiani ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akikukaribisha akakupa chai, humwambii kitu chake kibaya. Mimi nilikuwa nimewafanya wageni, kisha nikataka wanitoe kasoro.

Wiki iliyofuata sikuweka chai. Nilimwita mmoja wao tu, Mama Yasmin, mzaliwa wa Mwanza, mwenye duka la viungo na ulimi mkali. Nikakaa nyuma yake, nikanyamaza, natazama mikono. Akafika kwenye nyumba ya mawe, akaandika kwamba anabisha mlango. Mashine ikajibu kwamba amebisha. Basi akakunja mikono mapajani. Nikasubiri mpaka tasbihi yangu ikazunguka yote mkononi.

"Mama Yasmin, unangoja nini?"

"Namngoja mwenyewe ajibu."

"Hajajibu."

"Basi hayupo. Tutarudi siku nyingine." Akachukua mkoba wake.

"Si ufungue tu?"

"Nyumba ya watu? Wewe mama yako alikulea wapi?"

"Na wiki iliyopita mlifika wapi?"

"Hapo hapo. Sote tuliishia mlangoni. Ulitaka tumwambie mwenye chai yake kwamba hakuna mtu nyumbani?"

Nikampelekea Mkuu wa Majaribio habari hiyo. "Mtu anatafuta hazina, anabisha hodi?"

"Wanabisha, bwana. Wasipojibiwa wanaondoka."

Mwandishi wa programu akanung'unika, lakini aliongeza mistari miwili: ukibisha, sauti inakwambia pita ndani. Nikamrudisha Mama Yasmin. Safari hii aliingia, na kama mtu yeyote mwenye adabu, akafunga mlango nyuma yake. Gemu ikaishia hapo. Hakuna aliyewahi kuufunga mlango ule, kwa hiyo hakuna aliyeandika namna ya kuufungua kwa ndani. Hata ukiandika nini, umezikwa. Wanafunzi walikuwa wanaacha milango wazi wanakimbia.

Huyo ndiye mdudu aliyekuwa anatungoja. Ulirekebishwa mlango ule, nasi tukapitia milango mingine yote, nikiwa nyuma ya mama mmoja mmoja, mdomo nimeufunga. Gemu ikauzwa. Mwezi ukapita, Mkurugenzi akasimama chumbani kwetu akasema, "Haijarudi," akaenda zake. Nilikwenda stoo nikasujudu.

Baadaye nilipelekwa Hayes kusimamia kaseti zinaponakiliwa, nikarudishwa, nikapewa kiti cha Mkuu wa Majaribio alipostaafu. Kisha zikaja gemu za picha, maandishi hayakutakiwa tena, na chumba kikafungwa kwa sababu nyingine kabisa. Mume wangu alikuwa ameshapata kazi. Nikakabidhi funguo. Sikulia, nilikuwa nimechoka tu.

Wanangu wanasema kwa Kiingereza kwamba ilikuwa kazi ya kukaa tu. Kweli, ilikuwa ya kukaa. Ila kukaa kimya mbele ya mtu anayehangaika na kitu ulichomtengenezea, usimsaidie, usimuulize kama amekipenda, kunachosha kuliko kubeba mizigo.

Kwa hiyo, rafiki yangu, habari hii usikae nayo. Mfikishie yeyote anayetengeneza kitu cha kutumiwa na watu. Na umwanzie yule anayelala vizuri kwa sababu wote wamemwambia kazi yake ni nzuri.