Mapipa Sita ya Zeituni

Saa nne na dakika kumi asubuhi simu iliita dukani Mtendeni, Tabora. Nilikuwa nimeketi na mwenye duka, mjane wa ukoo wa Kiarabu anayeuza tende, tambi na viungo katika nyumba aliyoijenga babu yake enzi za misafara. Mapipa yake sita ya zeituni yalikuwa yamekwama bandarini Dar es Salaam kwa wiki moja, na Ramadhani ilikuwa imebaki wiki mbili iishe. Akizikosa wiki hizo, hana mnunuzi mwingine wa zeituni mwaka mzima.

Sikusomea forodha. Nilinunua kitabu cha ushuru, nikakisoma kifungu kwa kifungu kwa miaka, na wafanyabiashara wachache hunipa niwaandalie karatasi. Zeituni zilizotunzwa kwa muda katika maji ya chumvi, zisizofaa kuliwa zilivyo, zina namba yake ya ushuru. Zilizo tayari kuliwa zina nyingine. Nilimuuliza mapema zinaliwaje, akasema huziloweka siku tatu chumvi ipungue. Nikaandika namba ya kwanza na kuomba kibali cha malighafi.

Aliyepiga alikuwa ofisa wa forodha, msichana kwa sauti. Nikaweka spika.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Hizi zeituni zako, zikifika zinaliwaje?”

Nilimpungia mkono anyamaze. Hakunitazama.

“Kwa vidole, mwanangu. Nafungua pipa hapa hapa, mteja anaonja, kesho anarudi na bakuli. Wewe njoo Tabora, nikufungie kilo mbili za bure.”

“Hamziloweki kwanza?”

“Za kwangu? Za kwangu hazina haja.”

“Asante mama.”

Simu ilipokatika nilimwambia, “Uliniambia siku tatu.”

“Nyumbani, ndiyo. Mimi nina presha. Sasa mtu anakuulizia bidhaa yako, umwambie ina chumvi?”

“Yule si mteja.”

“Kwani hana mdomo?”

Kabla ya adhuhuri ujumbe wa ofisa ulifika: zeituni zimehamishiwa namba ya zilizo tayari kuliwa. Nilifungua kitabu pale pale, nikitamani awe amekosea. Hakukosea. Mimi ndiye niliyeandika namba bila kuomba maelezo ya muuzaji wa kule zilikotoka, na bila kuonja zeituni hata moja maishani.

Chakula kilicho tayari kinahitaji kibali kingine, usajili, na lebo yenye tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila pipa. Mapipa yetu yalikuwa na namba zilizoandikwa kwa rangi tu. Niliomba upya. Ombi likarudi kwa sababu maelezo ya cheti cha maabara hayakufanana na ya ankara. Nikarekebisha, likarudi tena kwa sababu ya uzito. Kila siku hifadhi ya bandari ilidai elfu arobaini, na kila asubuhi mama yule aliniuliza swali moja: “Leo?”

Mapipa yalifika Tabora Idi mosi mchana, duka limefungwa. Mama aliziuza zeituni taratibu kwa bei aliyonunulia. Hifadhi siku kumi na tisa, laki saba na sitini elfu. Faini ya tamko lisilo sahihi, laki tano. Lebo na usajili, laki mbili. Jumla ya hasara, shilingi milioni moja, laki nne na sitini elfu.